Mbegu zihifadhiwe kabla ya dripu ya kwanza

Pole sana, mama. Umeuliza kama mwanao wa miaka 19, anayeanza kemo ya Hodgkin (saratani ya tezi za limfu) wiki ijayo, ataweza kuzaa baadaye. Inategemea dawa. Mchanganyiko wa ABVD mara nyingi hauui uzazi wa mwanamume; mchanganyiko wa BEACOPP, wenye cyclophosphamide nyingi (dawa inayodhuru mbegu), ndio wa kuogopwa zaidi. Muulize daktari atapewa ipi, ila usingoje jibu ndipo uanze kushughulikia kuhifadhi mbegu zake, kwani matibabu huweza kubadilishwa katikati.

Kwa kijana aliyebalehe hakuna kisu. Anapewa kikopo na chumba cha faragha, anatoa shahawa mwenyewe, maabara inazigandisha kwenye naitrojeni ya kimiminika, nyuzi -196. Siku moja inaweza kutosha. Wasichana ndio huhitaji takriban wiki mbili za sindano. Pigia leo kliniki inayopandikiza mimba, uulize ada ya kila mwaka (hiyo ndiyo huwashtua watu) na vipimo vya damu wanavyotaka.

Mazungumzo na kijana kuhusu kutoa shahawa mwachie baba au mjomba. Mbele yako atasema "sitaki" kwa aibu tu. Na wakati wa kemo atumie kondomu: mimba bado inaweza kuingia.