Fraterniti ya kijana imefungiwa na chuo Marekani: ishitaki?

Swali lenu huko nyumbani ni hilo: kijana alijiunga na fraterniti, vile vyama vya wanafunzi wa kiume vyenye majina ya herufi za Kigiriki, chuo kimeifungia, je, waende mahakamani? Nisiwapake mafuta kwa mgongo wa chupa: mara nyingi chuo hushinda.

Angalieni kwanza chuo ni cha nani. Cha serikali kinabanwa na Katiba. Cha binafsi kinabanwa zaidi na kanuni zake chenyewe, kwa hiyo hoja inakuwa kwamba kimekiuka utaratibu kilioandika.

Kwenye vyuo vya serikali, hoja yenye nguvu ni uhuru wa maoni. Mwaka 1993 Sigma Chi waliishinda George Mason University, iliyowaadhibu kwa mchezo wa jukwaani uliodhalilisha wanawake na watu weusi. Ulikuwa wa aibu, ila ni maoni. Hoja ya haki ya kujumuika ndiyo inayowaangusha. Pi Lambda Phi waliitumia dhidi ya University of Pittsburgh baada ya polisi kukuta dawa za kulevya nyumbani kwao. Mwaka 2000 mahakama ya rufaa ikaona ni chama cha starehe, kikubwa mno kulindwa kama familia. Nayo Title IX, sheria ya Marekani inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu, inaruhusu fraterniti kuwa za wanaume tu, lakini hailazimishi chuo kuzitambua.

Barua ikifika, kitu cha kwanza kutafuta ni tarehe ya mwisho ya rufaa. Huwa ni siku chache, na ikipita hakimu atauliza mbona hamkukata rufaa chuoni. Ombeni tuhuma kwa maandishi, ushahidi, na nafasi ya kusikilizwa. Kijana asifute ujumbe wowote kwenye simu, hata ule wa kijinga.

Wengi hujikwaa hapa: wakili wa fraterniti ni wa fraterniti. Makao makuu ya fraterniti yanaweza kulifuta tawi la chuoni na kumwachia kijana tuhuma za kunyanyasa wanachama wapya. Atafute wakili wake.

Kisha viza. Mwenye F-1, viza ya mwanafunzi, akisimamishwa masomo, chuo hufunga rekodi yake ya SEVIS, mfumo wa serikali ya Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, na hapo hana siku za nyongeza za kuondoka. Akijitoa mapema kwa idhini ya ofisi ya wanafunzi wa kigeni, hupewa siku 15 za kuondoka. Tawi likishinda kesi, rekodi ya kijana haifunguki kwa ushindi huo.