Re: Wafanyakazi wangu wanaelewana vizuri, mbona akiacha kazi mmoja wanaacha watano?

Mkuu, swali lako nalielewa vizuri. Nimefanya kazi kiwanda cha minofu ya sangara hapa Mwanza, nikaanza kibarua mpaka nikaajiriwa, na hilo unalolisema nimeliona kwa macho.

Kwanza tenganisha mawili: kupenda wenzako na kuipenda kampuni. Moja halileti lingine lenyewe. Laini yetu ya kuchuna ilishikwa na mchezo, ule wa kuchangishana hela na kupokea kwa zamu; kijumbe, yaani mkusanyaji, alikuwa mama mmoja hapo hapo kwenye meza. Ambaye hajapokea haachi kazi hata atukanwe, na aliyepokea anaona aibu kukimbia na hela za wenzake. Meneja akadhani tunampenda! Raundi ilipoisha, watu wakaaga. Mwaka 1991 watafiti wawili wa Kanada, Meyer na Allen, waligawa hali hii mafungu matatu: kuna anayebaki kazini kwa kupenda, anayebaki kwa kuwa kuondoka kutamgharimu, na anayebaki kwa kuona ana wajibu. Sisi gharama ilitubana, na wajibu tulikuwa nao kwa kijumbe, si kwa kiwanda.

Aliyebadilisha mambo ni supavaiza. Mwenzetu alifiwa na baba yake Sengerema. Kiwanda kilitoa rambirambi ya kawaida, ila supavaiza alipanda nasi kivuko cha Kamanga, akakaa msibani, na aliporudi akapanga zamu upya ili mfiwa asikatwe siku zake. Hakuhutubia mtu. Lakini baada ya hapo, sangara wa chini ya sentimita 50, ambaye sheria inamkataza, akipenyezwa mapokezi, vijana wa laini yetu walimwambia supavaiza mapema. Laini ya jirani waliona wakakausha, samaki si wao. Mimi uaminifu kwa kampuni naupimia hapo, maana kuwahi asubuhi hata mwoga anawahi.

Halafu uongozi ukashtuka kwamba tuna "vikundi". Wakaanza kutuchanganya zamu kila mara, supavaiza wakampeleka stoo. Alipopata kazi kiwanda kingine, wachunaji wazuri wakamfuata mmoja mmoja. Tulikuwa waaminifu kwake, na kiwanda kilikuwa kinafaidi kupitia yeye tu.

Sisemi kila ukaribu ni mzuri. Mpwa wa meneja anayepewa ovataimu kila siku anaua laini haraka kuliko mshahara mdogo, na majungu yake hayaishi.

Kwa hiyo kabla hujaomba nyongeza ya mshahara kwa wakubwa, angalia hao watano walikuwa chini ya nani. Kama wote ni wa msimamizi mmoja aliyehamishwa au aliyekwazwa, anza na huyo. Kama walitoka idara tofauti, muulize kijumbe raundi iliisha lini. Muulize kistaarabu lakini, akihisi unaupeleleza mchezo utapoteza na yeye.