Mkristo na udiwani

Ndugu yangu, umeuliza kama Mkristo akichukua fomu ya udiwani anaikosea imani. Sioni kosa. Nyerere alikuwa Mkatoliki wa kwenda misa, akafundisha St. Mary's hapa hapa Tabora, na Januari 1958 aliwashawishi wenzake wa chama cha TANU mjini hapa wakubali uchaguzi wa kura tatu wa serikali ya kikoloni: kila mpiga kura amchague Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Hakuja kama mgombea wa kanisa. Waislamu walikuwa nguzo za chama kile.

Ninachokataa ni mgombea kupewa madhabahu Jumapili kwa sababu ya bahasha ya harambee. (Hapo Warumi 13, ya kutii wenye mamlaka, husomwa sana; Matendo 5:29, ya kumtii Mungu kuliko wanadamu, inarukwa.) Akae kwenye benchi kama sisi. Kura aziombe kwenye mkutano wa hadhara, na jirani zetu Waislamu wamhoji kuhusu maji.