Saini Ilikuwa Yangu: Kuhama Kazi Huku Ombi la Grini Kadi Likiendelea

Jumanne usiku dada mmoja aliye Texas aliniandikia: "Shikamoo dada. Nimejiombea grini kadi mwenyewe kwa NIW. Sasa nimepata kazi nyingine, mshahara mzuri zaidi, ila bosi anasema nikiondoka kesi inakufa. Ni kweli?" Nilisoma ujumbe ule mara tatu. Maneno hayohayo niliambiwa mimi, nikayaamini kwa miezi saba.

Nilikuwa Ohio kwa visa ya kazi, H-1B, kwenye kampuni inayoshughulika na kusafisha maji ya visima. Nimekulia Arumeru, nikasoma na watoto wenye meno ya kahawia kwa sababu ya floridi kwenye maji, kwa hiyo kazi hii kwangu haikuanzia chuo. Huku Marekani shida ya vijiji vingi vyenye visima ni aseniki, na ombi langu mwenyewe la NIW nililijenga juu ya hilo.

Nilipopata nafasi Minnesota, mkuu wangu aliniita chumba cha mikutano, akafunga mlango, akalaza kalamu yake mezani taratibu. "Ukitoka hapa, makaratasi yako yamekwisha. Sisi ndio tunaokubeba."

Nikaikataa ile nafasi. Nikawa naingia kazini hadi Jumamosi, sithubutu kusema nimechoka. Harusi ya mdogo wangu kule Usa River niliitazama kwenye simu, nimekaa ndani ya gari kwenye maegesho ya kazini, kitambulisho cha kazi kikining'inia shingoni. Hilo sijalisamehe bado.

Nilipokwenda kwa wakili hatimaye, aliniuliza jambo moja: "Kwenye I-140, fomu ya ombi lako la NIW, mwombaji aliyesaini ni nani?" Akafunua ukurasa, akaweka kidole. Jina langu, na saini yangu ile yenye mkia mrefu niliyoianza sekondari. Kampuni haikuwamo.

Dada yangu, shika hapa. NIW maana yake umeomba usamehewe sharti la kuwa na mwajiri, kwa maslahi ya taifa lao. Tangu uamuzi wa kesi ya Dhanasar wa 2016, watu wa uhamiaji wanapima mambo matatu: kazi yako ina thamani na umuhimu kwa nchi nzima, wewe una uwezo wa kuisukuma mbele, na nchi inafaidika zaidi ikikusamehe sharti hilo. Bosi wako hana ombi la kuliondoa, maana si lake. Hata ile Nyongeza J ya I-485, fomu ya hatua ya mwisho ya kuomba kadi yenyewe, ambayo wenzetu waliobebwa na mwajiri huijaza wanapohama, kwetu haihitajiki.

Lakini H-1B ni ya mwajiri! Hapo ndipo watu wanapochanganya karatasi mbili, na hapo ndipo mabosi wanapotushikia. Ombi ni lako, hadhi ya kukaa na kufanya kazi imefungwa kwa aliyekuajiri. Mwajiri mpya lazima apeleke kwanza I-129 yake, fomu ya kukuombea H-1B. Sheria inakuruhusu kuanza kazi kwake ombi hilo likishapokelewa, na mimi sikuandika barua ya kuacha kazi mpaka nilipoiona risiti kwa macho yangu. Ukiacha kabla, una siku zisizozidi 60, na zinakimbia. Ukiwa tayari umepeleka I-485 na una kibali cha kazi mkononi, njia ni pana zaidi, ila usiiachie H-1B yako ovyo: I-485 ikikataliwa, kibali hicho hakitakulinda.

La pili, usitoke nje ya ulichoahidi. Mimi niliomba kwa maji ya visima. Ningehamia kuuza programu za benki, ningewaambia nini? Niliandika kurasa mbili nikieleza jinsi kazi ya Minnesota inavyoendeleza kazi ileile, nikaambatanisha barua ya ajira mpya. Na ukihama nyumba, jaza AR-11, fomu ya kuwaarifu uhamiaji anwani yako mpya, ndani ya siku 10.

Miaka ya kusubiri siielezi, kila aliyeipitia anaijua. Kadi yangu imefika mwezi uliopita, nami niko Minnesota, kazi ya pili waliyonipa baada ya ile niliyoikataa kwenda kwa mtu mwingine. Najivunia. Na bado nina hasira, kwa sababu wako wengi wetu wanaonyamaza makazini kwa hofu ya kitu ambacho saini yao wenyewe imeshakimaliza. Tusikubali mtu atusomee makaratasi yetu! Tafuta wakili anayemjibia mteja wake, si yule anayelipwa na kampuni, mpelekee I-140 yako, mwambie akuoneshe ukurasa wa saini.

Kisha mwombe mwajiri mpya akutumie nakala ya risiti ya I-129 siku hiyohiyo itakapotoka. Ukiipata, niandikie, hata kama ni usiku.