Vijiji vya vilimani Ufaransa kwa baiskeli: acha kuhesabu kilomita, hesabu milima

Mkuu mleta mada, umesema wewe na shemeji mna siku 8 mwezi Mei, mtafikia kwa ndugu Paris, kisha mnataka kuzunguka na baiskeli kwenye vijiji vya kale vya mabonde ya mito Dordogne na Lot, kusini magharibi mwa Ufaransa. Na kwa kuwa ramani haionyeshi mlima wowote wa maana, umepanga kilomita 100 kwa siku. Mdau mmoja hapo juu kakujibu "huko ni tambarare tu, siyo Alps." Nampinga kwa heshima, maana na mimi niliambiwa hivyo hivyo na nikaamini.

Mimi nimekulia Tanga. Anayeijua Tanga anajua kwamba baiskeli pale ni kama ndala, kila mtu anayo na hakuna anayejisifia. Nilipohamia Toulouse kikazi nikajiona bingwa. Safari ya kwanza nikakodi baiskeli ya mbio, meno 39 mbele, sahani kubwa ya nyuma meno 25, yaani gia nzito kwa mlima, na mzigo wa kilo 14 kwenye karia. Siku ya pili, katikati ya mlima wa kupandia kijiji cha Domme, nikashuka nikaanza kusukuma. Akanipita mama wa makamo, baiskeli ya umeme, mikate miwili mirefu ndani ya kikapu, akanisalimia vizuri tu. Sikuitikia, pumzi haikuwepo.

Tatizo la eneo lile siyo urefu wa milima. Ni wingi. Mito imekata mawe ya chokaa ikaacha mabonde yenye kuta, na juu ya kuta kuna nyanda zinazoitwa causse. Ukifuata mto unateleza tu. Ukitaka kutoka bonde moja kwenda la pili, unapanda mita 150 au 200, unatembea juu kidogo, unashuka zote, halafu unaanza upya. Mlima mmoja wa namna hiyo ni mazoezi. Mara nne kwa siku na mzigo, jioni hata ngazi za hoteli unazitazama kwa chuki.

Na vijiji vyenyewe havikujengwa kwa ajili ya magoti yetu. Katika Vita vya Miaka Mia, 1337 hadi 1453, mto Dordogne ulikuwa mpaka kati ya upande wa mfalme wa Ufaransa na upande wa mfalme wa Uingereza. Simama Beynac, ngome iko juu ya jabali. Tazama ng'ambo ya mto, unaiona ngome ya Castelnaud nayo juu ya jabali lake. Watu walikuwa wanachunguliana kutoka dirishani. Aliyekaa juu alimwona adui mapema, na adui alifika anahema. Domme ilianzishwa 1281 kwa amri ya mfalme Philippe wa Tatu kwa hesabu hiyo hiyo: mto uko chini kama mita 150, mitaa juu imenyooka kama imepigwa rula, na ukuta umezunguka. Kwa hiyo ukiona kijiji kimeandikwa "kizuri sana" kwenye kitabu cha utalii, soma "kiko juu". Kule wana hata chama cha vijiji vizuri kuliko vyote, kilianza 1982, na sharti mojawapo ni wakazi wasizidi 2,000. Vidogo, vizuri, na vingi mno viko juu.

Sasa nikupe njia niliyoipita mara tatu, ya mwisho na mke wangu, ambaye naye si mwendeshaji wa kutisha.

Toka Paris stesheni ya Austerlitz, panda treni ya Toulouse, shuka Souillac. Treni za masafa, nafasi ya baiskeli unaikata pamoja na tiketi, usiende kubahatisha. Treni ndogo za mkoa ni rahisi zaidi. Souillac hadi Cazoulès ni karibu, na kutoka hapo mpaka Sarlat kuna njia ya baiskeli iliyopita palipokuwa na reli ya zamani. Reli haipendi mlima, kwa hiyo siku ya kwanza miguu inapona. Sarlat kuna gulio kubwa Jumatano na Jumamosi, pangeni mfike siku hizo. Mji wote ni mawe ya rangi ya asali, na haukubaki hivyo kwa bahati: 1962 waziri wa utamaduni, André Malraux, alipitisha sheria ya kulinda mitaa ya kale, na Sarlat ikawa miongoni mwa ya kwanza kukarabatiwa kwa sheria hiyo.

Siku ya pili ni ya mtoni: Domme asubuhi mkiwa na nguvu, kisha mteremke La Roque-Gageac, Beynac, Castelnaud. La Roque-Gageac imebandikwa kwenye jabali kiasi kwamba nyumba za nyuma zina ukuta mmoja wa Mungu. Mwaka 1957 kipande cha jabali kilianguka kikaua watu watatu. Ukijua hivyo hata kahawa yako unainywa unatazama juu.

Msiache kupanda Les Milandes, karibu na Castelnaud. Ni kasri la Joséphine Baker, yule Mmarekani mweusi aliyekuwa nyota wa jukwaani Paris na baadaye akafanya upelelezi kwa ajili ya Ufaransa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Alilinunua 1947, akalea humo watoto 12 aliowaasili kutoka mataifa mbalimbali, na mwisho wa miaka ya 60 madeni yakamtoa. Ipo picha yake ameketi kwenye ngazi za nje za jikoni baada ya kutolewa. Tarehe 30 Novemba 2021 Ufaransa ikampa heshima ya Panthéon, jengo la mashujaa wa taifa pale Paris, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Mimi nilikaa muda mrefu mbele ya ngazi zile kuliko kwenye ngome zote za mashujaa wa mavazi ya chuma. Mke wangu alidai nilikuwa napumzisha miguu tu. Kuna ukweli kidogo.

Siku ya tatu mnarudi Souillac, mnapita Lacave na kupanda causse kuelekea Rocamadour. Hapa ndipo nidhamu ya maji inapoanza. Mawe ya chokaa yanakunywa mvua yote, juu hakuna kijito, mito inapita chini ya ardhi. Nilimaliza chupa mbili kabla ya saa sita mchana. Wazoefu wakanifundisha: tafuta makaburi. Kila kijiji kina makaburi, na makaburi yana bomba la kumwagilia maua. Nikafika kwenye kijiji kimoja, nimeinama nakinga chupa, bibi mmoja mwenye ndoo ya maua akanitikisia kidole na kunionyesha kibao nilichokuwa nimekiegemezea baiskeli: *eau non potable*, maji hayanyweki. Akanipeleka mwenyewe kwenye bomba lililo nyuma ya ofisi ya kijiji, akasimama mpaka nijaze zote mbili. Akauliza naelekea wapi. Nikamwambia Rocamadour. Akaitazama mizigo, akasema "*Bon courage*", yaani jipe moyo. Baada ya hapo nimejifunza kuwasikiliza: wakikuambia *bonne route*, safari njema, njia ni nyororo, wakikuambia *bon courage* badilisha gia mapema.

Rocamadour yenyewe imeshuka kwa ghorofa ukutani: nyumba chini, makanisa katikati, ngome juu. Kati ya nyumba na makanisa kuna ngazi 216, mahujaji wa zamani walizipanda kwa magoti kwenda kwenye sanamu ya Bikira Maria mweusi. Wapenzi wa mbio mtakumbuka Tour de France 2022, siku moja kabla ya kumaliza Paris: mbio za kila mtu peke yake na saa, kilomita 40.7 kutoka Lacapelle-Marival hadi hapa, akashinda Wout van Aert. Mlima wa mwisho ulikuwa wa L'Hospitalet, kama kilomita moja na nusu hivi. Nenda kaupande na mabegi manne halafu uje uniambie tena kuwa kule ni tambarare.

Siku ya nne na ya tano mnakata causse kwenda bonde la mto Célé, kijiji cha Marcilhac hadi Cabrerets. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo iliyonitia adabu. Kushukia Célé nilikuwa nimeshika breki muda wote kwa woga, kama tunavyofanya sote tuliojifunzia kwenye tambarare. Kwanza nikasikia harufu ya raba. Kisha ikaja sauti ya chuma kwa chuma kutoka nyuma. Nikasimama pembeni, nikamwagia rimu tone la maji, likakauka hapo hapo. Raba za breki ya nyuma zilikuwa zimekwisha, nazo duka la kukodi liliniambia ni mpya. Nilitembea kwa miguu mpaka chini, baiskeli mkononi, mbele yangu bonde zuri ajabu na mimi nalitukana. Sikilizeni basi: breki hazishikwi moja kwa moja. Unabana kwa nguvu kabla ya kona, unaachia, unaiacha ipoe, unabana tena. Na chukueni raba za akiba, pakiti nzima ni nyepesi kuliko sabuni.

Cabrerets kuna pango la Pech Merle, lenye farasi wenye madoa waliochorwa karibu miaka 29,000 iliyopita. Tofauti na Lascaux, pango jingine maarufu la michoro ya kale, ambalo la asili lilifungwa kwa wageni 1963 na sasa mnaona nakala, hapa mnaingia pango lenyewe. Kateni nafasi mapema, kwa siku wanaingiza watu wachache. Ndani ni baridi, msiingie na jasho la mlima.

Kutoka hapo mnakwenda kijiji cha Saint-Cirq-Lapopie, juu ya mto Lot kama mita 100. Mshairi André Breton alinunua nyumba pale, na mwaka 2012 Wafaransa walikipigia kura kuwa kijiji wanachokipenda zaidi. Matokeo yake ni kwamba saa tano asubuhi mabasi yamejaa. Lala palepale juu au uwahi alfajiri. Mwisho mnafuata Lot hadi Cahors, kama kilomita 30, mnaona daraja la Valentré la karne ya 14, na treni ya kurudi Paris mnaipandia hapo hapo.

Jumla mnatumia siku 6 za kuendesha, kilomita 40 hadi 55 kwa siku. Najua umetaka 100. Mita za kupanda ndizo zinazoamua, weka kikomo cha 700 kwa siku na hamtagombana. Kwenye ramani za karatasi za Michelin tazama vimshale barabarani: kimoja ni mwinuko wa asilimia 5 hadi 9, viwili ni 9 hadi 13, vitatu ni zaidi ya hapo. Vimshale vitatu mimi sina ugomvi navyo, nazunguka. Chagua barabara nyembamba zilizochorwa nyeupe, magari ni machache na sheria inamtaka dereva akupite kwa nafasi ya mita 1.5 nje ya mji. Usiku au kwenye ukungu, nje ya mji, koti la kuakisi mwanga ni lazima kisheria.

Chakula sasa, maana hapa ndipo wengi wanapofeli na siyo mlimani. Mgahawa unapika saa sita mpaka saa nane mchana. Ukifika saa nane na robo hata ulie, jiko limefungwa. Duka la kijiji linafungwa mchana, Jumapili jioni halipo, na duka la mikate lina siku yake ya mapumziko, mara nyingi Jumatatu. Mei ndiyo balaa zaidi kwa kuwa tarehe 1 na 8 ni sikukuu. Kwa hiyo begi lisikose mkate, jozi (karanga za walnut) za eneo hilo na vile vijibini vidogo vya mbuzi vya Rocamadour. Kwa sisi tunaoangalia halali, bata na nguruwe ni kila meza, mpaka viazi vinakaangwa kwa mafuta ya bata. Omleti ya uyoga imeniokoa mara nyingi, ila uliza wameikaangia nini. Na ukiingia dukani anza na *bonjour* kabla ya kitu chochote. Ukianza na shida yako bila salamu utahudumiwa kama uliyeingia nyumbani kwa mtu bila hodi.

Kuhusu wazo la shemeji kuchukua baiskeli ya umeme, ambalo mdau wa pili alilicheka: usimsikilize. Mke wangu alichukua ya umeme safari ya mwisho, mimi ya kawaida yenye gia nyepesi, meno 34 mbele na 36 nyuma. Alikuwa ananisubiri juu ya kila mlima akiwa ameshapiga picha. Mkikodi, hakikisheni tu chaja inaingia begini na ulizeni mnapolala kama kuna soketi karibu na banda la baiskeli. Kwenye kambi ya manispaa moja tulichajia msalani, mimi nimekaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni nailinda chaja, watu wananisalimia *bonsoir* wakiingia na kutoka.