Barua kwa Mwanangu Anayetaka Kusomea Uzee

Malindi

Mwanangu mpendwa,

Assalaam alaykum. Barua yako imenifikia salama. Umeniandikia kwamba unamaliza mwaka wa tatu wa sosholojia, kwamba moyo wako umeelekea kwenye jerontolojia, yaani elimu ya uzee na kuzeeka, na ukaniuliza ni nani atakayekulipia karo na ni kazi gani utakayoipata baadaye. Nakujibu kama mama yako, na pia kama muuguzi niliyewahudumia wazee wengi wodini kabla ya kustaafu.

Kwanza, usibadilishe shahada. Jerontolojia huchota kutoka uuguzi, uchumi, ustawi wa jamii na hiyo sosholojia yako, na wengi huingia humo katika shahada ya uzamili wakiwa tayari na taaluma ya kwanza. Kwa mwaka uliobaki endelea na mkopo wa HELB, ile bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, na pengo tuzibe kwa basari ya kaunti na ya NG-CDF, yaani mfuko wa eneo bunge, ambazo fomu zake nitakufuatilia mimi huku. Najua riba ya mkopo huo inakukera kwa sababu za dini, na hilo tutalizungumza pamoja na baba yako ukifika nyumbani.

Kwa uzamili, anza na ufadhili wa Jumuiya ya Madola, ulioanzishwa mwaka 1959, ambao huwapeleka wanafunzi Uingereza na kuwalipia karo, nauli na posho ya kujikimu. Ule wa Chevening, wa serikali ya Uingereza, hudai angalau miaka 2 ya kazi, kwa hivyo huo uweke baadaye. DAAD, shirika la Ujerumani linalofadhili wanafunzi, nalo uliangalie. Tena kuna taasisi ya kimataifa ya uzee iliyoko Malta, iliyofunguliwa mwaka 1988 kwa makubaliano na Umoja wa Mataifa, ambayo hutoa kozi fupi kwa watu wa nchi kama zetu. Kozi ya namna hiyo haitakupa shahada, lakini itakukutanisha na walio katika fani.

Wafadhili hawa hutaka kujua masomo yako yatawafaa vipi watu wa kwenu, na hapo ndipo ninapotaka utulie, kwa sababu wewe una jibu ambalo mwombaji mwingine hana. Umekulia katika kaunti ya Kilifi, ambako mzee mwenye mvi anaweza kusingiziwa uchawi na kuuawa, mara nyingi nyuma ya tuhuma hiyo pakiwa na ugomvi wa shamba, na ambako wengine wamelazimika kuyakimbia maboma yao na kuhifadhiwa katika kituo cha Kaya Godoma, kule Ganze. Katiba yetu, katika kifungu cha 57, inamhakikishia mzee haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu wapatao milioni 2.7 wenye umri wa miaka 60 na zaidi nchini, na serikali, kupitia mpango wa Inua Jamii, imewawekea waliotimiza miaka 70 shilingi 2,000 kwa mwezi. Lakini ni nani huzipokea fedha hizo kwa niaba ya bibi asiyeweza kutembea, na je, bibi mwenyewe hula kutokana nazo? Hapa hapa Malindi wapo wastaafu wa Kiitaliano wenye uwezo wa kumlipa mtu awatunze nyumbani, ilhali mtaa wa pili bibi hutunzwa na mjukuu aliyeachishwa shule kwa ajili hiyo. Swali moja kati ya haya, ukilichunguza kwa dhati, linatosha kuwa tasnifu.

Kuhusu kazi, zipo, ingawa mara chache utaliona neno jerontolojia kwenye tangazo. APHRC, kituo cha utafiti wa idadi ya watu na afya kilichoko Nairobi, kimewachunguza wazee wa mitaa ya mabanda ya Korogocho na Viwandani. Shirika la HelpAge International hushughulikia haki na kipato chao. Idara za serikali za hifadhi ya jamii na mamlaka inayosimamia mafao ya kustaafu huhitaji watu wanaojua kusoma takwimu za umri. Hata karibu nasi, kituo cha utafiti wa afya cha KEMRI na Wellcome mjini Kilifi huwafunza watafiti vijana. Usiichanganye njia hii na kazi ya kutunza wazee ng'ambo inayonadiwa na mawakala. Ni kazi ya halali na yenye heshima, lakini haihitaji uzamili, na usimpe wakala yeyote hata shilingi kabla hatujamchunguza.

Kabla chuo hakijafungwa, omba idarani barua ya atachimenti, yaani mafunzo kazini, iliyoelekezwa kwa ofisi ya ustawi wa jamii ya Malindi, uje nayo pamoja na nakala ya matokeo yako. Nitakupeleka huko mwenyewe. Baba yako na bibi yako wanakusalimu.

Wasalaam,
Mama yako