Weka rula pembeni, washa tochi: kwarto na oktavo hazipimwi kwa sentimita

Wiki iliyopita wenye katalogi, ile orodha ya vitabu, wameibadilisha. Kile kitabu kidogo cha Kilatini kilichochapwa Venice, miaka yote kimeandikwa oktavo, sasa kimeandikwa kwarto, na aliyesema ni kwarto tangu mwanzo ni mimi. Walinijibu mbele ya watu kwamba mimi mgeni kwenye haya mambo, kitabu kikipimwa ni saizi ya oktavo na rula haidanganyi. Iliniuma na bado inaniuma, ndo maana nakuandikia wewe unayetaka kuingia kwenye kazi ya vitabu vya kale, maana na wewe utaambiwa hivyohivyo.

Iko hivi: kwarto na oktavo ni majina ya mikunjo, yaani shiti, ile karatasi nzima iliyochapwa, imekunjwa mara ngapi. Shiti moja ukiikunja mara moja unapata karatasi 2, hiyo folio. Mara mbili unapata 4, kwarto. Mara tatu unapata 8, oktavo. Sasa shiti zenyewe hazikuwa saizi moja. Bologna, Italia, kuna jiwe la mwishoni mwa karne ya 14 limechongwa saizi nne za karatasi za mji ule, kubwa kabisa ni kama sm 74 kwa 50, inayofuata 61.5 kwa 44.5, na ndogo kabisa 45 kwa 31.5. Piga hesabu basi. Hiyo ndogo ukiikunja kwarto inatoka kama 22.5 kwa 15.7, ile ya pili kwa ukubwa ukiikunja oktavo inatoka 22.2 kwa 15.4. Tofauti ya milimita tatu, na fundi wa kujalidi akishapunguza kingo hata hiyo haipo. Rula itakwambia nini hapo?

Mimi nilimulika. Karatasi za zamani zilitengenezwa kwa mkono kwenye fremu ya waya, ukiweka mwanga nyuma yake unaona mistari iliyoachana sentimita mbili tatu hivi. Kwenye folio imesimama, kwarto imelala, oktavo imesimama tena. Ya kile kitabu cha Venice ilikuwa imelala, na alama ya maji, ile alama ya mtengenezaji wa karatasi inayoonekana ukimulika, imezama nusu nusu kwenye mshono, katikati ya mgongo, palepale inapokaa ya kwarto. Ingekuwa oktavo ningeikuta juu, kwenye kona ya mgongo.

Wakabisha tena, eti kila fungu, yaani karatasi zilizokunjwa na kushonwa pamoja, lina karatasi 8 kwa hiyo lazima oktavo. Si lazima hata kidogo! Wachapaji walikuwa wanachukua shiti 2 za kwarto wanaingiza moja ndani ya nyingine, fungu linakuwa la karatasi 8 na bado ni kwarto. Hata Folio ya Kwanza, kile kitabu cha tamthilia za Shakespeare cha 1623, mafungu yake mengi yana karatasi 6, yaani shiti tatu tatu, na ni folio.

Kwa hiyo ndugu yangu soma karatasi, usikubali kutishwa na cheo cha mtu. Mulika karatasi kadhaa, sio moja, maana alama ya maji mara nyingi iko nusu moja tu ya shiti. Piga picha, andika ulichokiona, peleka kwa maandishi, mi picha ndo zilizowanyamazisha. Na kitabu kikiwa kimebana mgongoni usilazimishe kukifungua kuitafuta alama, kitapasuka, angalia mistari imelala au imesimama kisha uanzie hapo.